Rafiki Aliyenikana Luvungi

Mama Domitille,

Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kunipeleka gerezani. Nasoma majibu yako humu gazetini tangu mwaka jana na najua hubembelezi mtu, basi usinibembeleze, niambie tu kama mtu anayemkana rafiki yake mbele ya askari bado anastahili kuitwa mtu.

Rafiki mwenyewe anaitwa Philémon, natumia jina la ubatizo kwa sababu ndivyo tulivyoitana tangu darasa la kwanza kule Nyantende, siku hizi yeye ni agronome, bwana shamba, kwenye shamba moja la chai na kazini wamempa pikipiki, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nyalukemba na sina hata baiskeli. Mwezi wa kumi nilikubaliwa kwenda kujionyesha kwa wazazi wa mchumba wangu Eulalie, nao wanakaa Uvira, baba yake Papa Constantin alikuwa mtu wa forodha miaka thelathini na sasa amestaafu, mzee wa maneno machache, na unajua kwetu mwenye kuposa hajisemei, anakaa kimya anaangalia viatu vyake, mwenzake ndiye kinywa chake, na mimi sikufikiri mara mbili, kinywa changu kingekuwa nani kama si Philémon?

Tulipewa miadi ya Jumamosi alasiri. Philémon akaniambia, "Tutoke vendredi, tulale kwa dada yangu Séraphine kule Kamanyola, juu samedi asubuyi iko salongo, batatufungia njia." Nilikataa, kwa sababu suti yangu mpya ya abacost ilikuwa bado kwa fundi wa nguo hadi Ijumaa jioni, na sikuwa tayari kuingia kwa wakwe na ile ya zamani iliyochakaa kola. Basi tukatoka Jumamosi kulipopambazuka, yeye mbele, mimi nyuma, bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi aliyoipika mama yangu kwa mikono yake, imefungwa ubavuni, na kitenge cha mama mkwe kwenye begi juu ya tangi. Mvua ilikuwa imenyesha, tukashuka mteremko wa Ngomo magurudumu yanateleza, mlima huku, shimo kule, nikamshika kiuno kwa nguvu, naye akacheka akasema, "Shikilia muzuri, bwana arusi, mi siwezi kusemea maiti." Nilicheka na mimi. Ndiyo mara ya mwisho niliyocheka na yule mtu.

Saa tatu tukafika Luvungi na kukuta barrière, mti umelazwa barabarani, askari wawili, na raia wamejaa mtaroni na majembe, ndiyo salongo yenyewe, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Askari akataka ordre de mission ya pikipiki, ile karatasi ya ruhusa kutoka kazini, na Philémon hakuwa nayo, maana alikuwa ameichukua pikipiki bila kumwambia mkubwa wake, kwa ajili ya safari hii yangu. Askari akanigeukia mimi kwanza, kidole kwenye pikipiki, "Weye, citoyen, huyu muntu unamujua? Hii moto iko ya nani?" na mimi kwa ile hofu ya ghafla nikasema simjui, nimepewa lifti tu njiani, lakini hayo yalikuwa maneno ya mdomoni tu, mtu yeyote angesema hivyo, kisha akamgeukia Philémon akamuuliza, "Na weye, unamujua?" na Philémon, Mama, mtu niliyekula naye sahani moja miaka ishirini, akanitazama machoni akasema, "Hapana, chef. Simujue."

Hakupepesa hata kope! Akatoa pakiti ya sigara, mti ukainuliwa, akaondoka na pikipiki, na kasiksi ya mama yangu, na kitenge, na safari yangu yote, bila kugeuka nyuma. Askari akanipa jembe akaniambia, "Kama hauna mwenzako, hauna safari. Lima." Nililima mtaro hadi saa sita na nusu ndani ya abacost mpya, wanawake wa Luvungi wakiniita waziri na kunicheka, "Oyo ni ministre, angalieni ministre analima!" na kila nilipoinua jembe niliona shingo ya Philémon.

Nilipata lori la mihogo, nikafika Uvira saa kumi na matope hadi magotini. Kabla sijabisha hodi nikasikia sauti yake ndani, "Ignace iko na malaria, Papa, amelala Bukavu, amenituma niwaombe musamaha." Mimi, mgonjwa! Nimelala Bukavu! Niliingia nikamkuta kwenye kiti cha wageni na glasi mkononi, glasi ya kasiksi ya mama yangu, sikumbuki vizuri kilichofuata, najua nilimkamata shati mbele ya mama mkwe, nikamwita nyoka, glasi ikavunjika, nikamtupa ukutani. Eulalie akatokea mlangoni mwa jikoni, akatuangalia wote wawili, akarudi ndani.

Papa Constantin akasimama polepole, akaniwekea kitenge mikononi, akasema, "Mugonjwa wa Bukavu njo huyu anapiga bantu mu nyumba yangu? Basi mutarudia bote mbili, mbele ya Noël, na kinywa kile kile. Mukiniletea tena uongo, mutoto wangu atabakia hapa kwetu."

Sasa Philémon amemtuma dada yake Séraphine kuniambia kwamba atarudi na mimi Uvira ikiwa nitakubali kusema nilikuwa na malaria kweli, nikameza nivaquine, nikapata nafuu, nikamfuata kwa lori. Yaani nidanganye ili yeye asiaibike! Mimi nataka kumchukua mjomba wangu, tonton Raphaël, awe msemaji wangu, aende amwambie mzee wazi kwamba Philémon ni msaliti, lakini mama yangu analia kwamba nitampoteza Eulalie. Na Eulalie mwenyewe ameniandikia mstari mmoja tu, anauliza, "Kule barrière, nani alisema kwanza?" sijamjibu, maana sioni hilo linahusu nini. Sikukuu ya Noël imebaki majuma matatu. Nikubali uongo wa malaria nioe, au niseme ukweli kuhusu yule nyoka nikose mke?

Ignace, Nyalukemba

*

Ignace,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika pamoja nawe, nikamtukana Philémon kwa sauti hadi jirani akaniuliza nagombana na nani. Mara ya pili nilivaa miwani. Nilipofika Luvungi nikasimama, nikarudi mstari mmoja nyuma, na hasira yangu ikahama nyumba. Sasa inakaa kwako.

Askari alimuuliza nani kwanza? Wewe. Nani alijibu kwanza kwamba hamjui mwenzake? Wewe! Umeyaandika mwenyewe kwa kalamu yako, ukayafukia katikati ya sentensi ndefu ukidhani mimi mzee sitayaona. Eti yalikuwa maneno ya mdomoni tu. Na yake yalitoka wapi, kwenye kiwiko? Nyani haoni kundule, mwalimu, na wewe la mwenzako umelitangaza hadi gazetini.

Hebu simama mahali aliposimama yeye. Amechukua pikipiki ya kazi bila ruhusa, kwa ajili ya posa yako, si yake. Akikamatwa anafukuzwa kazi. Yuko mbele ya askari na hana karatasi, na yule aliyemshika kiuno Ngomo nzima anasema, "Nimepewa lifti tu njiani." Ulimwacha peke yake kabla hajakuacha. Jibu lake lilikuwa lako, amekurudishia tu. Na mngepita kabla ya salongo kama ungemsikiliza mkatoka Ijumaa, lakini kola ya bwana arusi ilikuwa na haraka zaidi kuliko akili yake. Mtaro wa Luvungi ulikuwa mahali pazuri pa kuizindua hiyo abacost.

Usidhani namsafisha Philémon. Séraphine amsomee hapa, asiruke neno. Wewe, Philémon, mwenzako amekukosea kwa hofu ya dakika moja. Wewe ulikuwa na saa saba za kufikiri. Ungengoja kwenye kona ya mbele hadi salongo iishe. Badala yake ulikwenda kukaa kwenye kiti cha wageni na kunywa pombe iliyopikwa na mama wa mtu uliyemwacha na jembe. Ile malaria, nakubali, uliitunga kumfichia aibu. Lakini msemaji akianza posa kwa uongo, bibi arusi ataingia kwenye nyumba ya namna gani? Na sasa unataka kumnunua Ignace kwa uongo uleule. Ona haya.

Narudi kwako, Ignace, maana sijamaliza. Ukweni hata kikohozi kinaombewa ruhusa, wewe ukapigana! Mbele ya mama mkwe! Kama ungekuwa mwanangu ningekurudisha Luvungi kwa miguu, ukamalizie ule mtaro.

Unaniuliza uchague uongo wa malaria au ukweli kuhusu nyoka. Huo wa pili si ukweli, ni nusu yake, nusu inayokupendeza. Na utampelekea nani? Papa Constantin amefungua mizigo ya watu miaka thelathini. Anamjua mtu anayetangaza begi moja huku akikalia lingine. Amewarudishia kitenge, lakini hajawafukuza. Hakuomba malaika, aliomba kinywa kile kile. Ukimpelekea tonton Raphaël umemwambia mzee kwamba neno lake ni la kitoto, na hapo binti utamsahau.

Basi fanya hivi. Nenda kwa Philémon leo, ukimaliza kusoma hapa, na umwambie mbele ya mke wake kama anaye, "Mi njo nilianza." Ukishasema hivyo funga mdomo. Usiongeze lakini. Akitaka kukutukana, mwache atukane. Mwambie pia kwamba malaria imepona na haitarudi.

Mtakwenda Uvira kwa lori, pikipiki ya watu ibaki kazini kwao. Mtatoka Ijumaa, mnanisikia? Ijumaa! Mtalala Kamanyola kwa Séraphine kama alivyosema mwenye akili tangu mwanzo. Mama yako asipike kasiksi nyingine hadi muwe mmeomba msamaha kwa ile ya kwanza. Vaa ile abacost ya mtaroni, imefuliwa ndiyo, lakini ileile, ili mzee aone hamfichi kitu. Philémon ataanza, maana ndiye kinywa: aseme aliyoyatenda yeye, hadi ile glasi. Kisha anyamaze. Najua desturi inataka wewe uangalie viatu vyako, lakini siku hiyo utainua uso, utaomba ruhusa kwa mzee, na utasema sehemu yako mwenyewe, kwa sababu hakuna msemaji wa kukutubia dhambi zako. Mzee akiwakataa baada ya hapo, mshukuruni na mrudi nyumbani pamoja, kwa lori moja.

Kitu cha mwisho, na hiki ndicho kilichoniudhi kuliko vyote. Kurasa nne umeniandikia. Jina la Philémon nimechoka kulihesabu. Eulalie anatokea mlangoni mwa jikoni, anarudi ndani, kisha anatuma mstari mmoja, na huo mmoja umeona hauhusu kitu. Mwanangu, huyo msichana amekwishaelewa yote bila kuvaa miwani. Anaombwa apande nyuma yako maisha yake yote, na barrière ziko nyingi kuliko ile ya Luvungi. Anataka kujua siku watakapokuuliza kama unamjua, utajibu nini.

Chukua karatasi kabla hujavaa viatu vya kwenda kwa Philémon. Amekuuliza nani alisema kwanza. Mwandikie, "Ni mimi," utie sahihi, upeleke posta leo.

Mama Domitille