Risasi za Eli na Mizani ya Guangzhou

Jumatano, Xiaobei, Guangzhou.

"Mizani ya Kichina ndiyo iliyompasulia Shabani bastola. Tumeletewa takataka kutoka Guangzhou, na aliyeileta tunamjua."

Maneno hayo aliyaandika Elibariki wiki iliyopita kwenye kundi la klabu yetu ya shabaha kule Arusha. Aliyeileta ni mimi. Mvua haijanyesha leo, lakini kuta za chumba changu zinatoa jasho kama kila mwaka majira haya, shati nililolianika juzi bado bichi, na hasira niliyoamka nayo haijapoa hata kwa chai.

Nianze na upuuzi, kisha nifike kwenye maumivu.

Ati mizani ya Kichina. Simu uliyoandikia hayo, Eli, ilitoka mbinguni? Mizani niliyokununulia nimeitoa kwenye soko la vito, mahali ambapo watu wanapimiana dhahabu huku wanaangaliana machoni kama majogoo. Mizani inayodanganya pale haimalizi siku mezani. Halafu kuna jambo ambalo hata mwanafunzi wa darasa la tatu analijua: mizani haimimini baruti. Mizani inasema tu. Anayemimina ni mtu, na mtu ndiye anayeamua kusikiliza au kutosikiliza.

Wasomaji wengi wa blogu hii ni watu wa jinzi, vitenge na vipuri, hamjui habari za bastola, kwa hiyo nieleze. Kuna watu, mimi nikiwa mmojawapo kabla sijahamia huku, ambao hawanunui risasi dukani. Kwa kibali cha klabu, wanazijaza wenyewe kwa mkono. Ganda la shaba lililokwisha kutumika linasafishwa, linawekwa fataki mpya ya kuwashia, linatiwa baruti, kisha juu linafungwa kwa kichwa cha madini ya risasi ambacho mtu amekisubu mwenyewe kwenye kalibu. Ni kazi ya watu wenye subira. Mimi na Eli tulijifunza pamoja, nyuma ya nyumba yake, chini ya mabati, sufuria ya madini ikichemka na mkewe akitupigia kelele kwamba moshi wetu unaingia kwenye maharage yake.

Eli alikuwa bora kuliko mimi. Naandika hili bila choyo. Vichwa vyake vilidondoka kutoka kwenye kalibu juu ya taulo vikiwa laini, vinang'aa, na chenye mkunjo hata mmoja alikirudisha kwenye sufuria. "Sura mbaya irudi motoni," alikuwa akisema, na mimi namwambia, "Basi jirushe wewe kwanza." Tulikuwa tunacheka mpaka madini yanaanza kuganda.

Lakini uzuri wa kichwa haumlindi mpigaji. Rivolva ya magnum ina nguvu kubwa, na ganda lake ni refu. Baruti anayoitumia Eli inakaa chini kabisa, sehemu ndogo tu ya ganda. Ukijisahau ukamimina mara mbili, haifuriki, haimwagiki, na jicho la haraka halioni tofauti, ila bastola inapasuka. Ndiyo maana kuna mizani. Ndiyo maana kuna tochi ya kumulika kila ganda kabla ya kulifunga. Na ndiyo maana klabuni kwetu kuna desturi isiyohitaji kuandikwa: hupigi risasi iliyojazwa na mtu usiyemwamini kama unavyomwamini anayekupikia.

Tulimwamini Eli. Klabu nzima ina masanduku yake ya risasi, yenye jina lake kwa kalamu ya buluu.

Shabani alimwamini pia. Silinda ya bastola yake ilipasuka mkononi. Amepoteza kidole gumba cha mkono wa kushoto na cha pili hakikunji. Shabani ni fundi umeme wa magari. Kazi yake yote iko kwenye ncha za vidole.

Habari ilipofika huku, mwanachama mmoja alisema wazi kwamba kosa ni la mjazaji. Nikamvamia. Mlinisoma hapa hapa kwenye blogu hii nikimwita mtu mwenye wivu, asiyeweza kusubu hata kishaufu. Nilimtetea Eli kwa kila neno nililo nalo, na mnajua ninayo mengi. Eli alinipigia kunishukuru. "Ndugu yangu, wewe ni ukuta," aliniambia.

Siku chache baadaye akaandika yale ya mizani.

Sikumchukia hapo. Nilijitilia shaka mimi. Nilikumbuka kwamba pale sokoni nilijaribu mizani ya maonyesho, iliyokuwa mezani, nikaridhika, kisha nikapewa nyingine iliyofungwa kwenye sanduku lake. Hiyo sikuifungua. Ndipo Shabani akanitumia ujumbe wa sauti, polepole, kama mtu anayeogopa kukukosea adabu.

"Kaka, shikamoo. Mimi silaumu mtu. Mungu ndiye mpangaji. Ila nilikuwa nauliza tu, ile mizani, kabla hujaituma, uliijaribu?"

Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nilimwambia nitamjibu.

Jumatatu nilikwenda sokoni nikamfokea laoban, yaani mwenye duka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnadani, aliyewauzia Waafrika kwa muda wa kutosha kujua Kiswahili cha biashara. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaweka kipande cha kupimia, chenye uzito unaojulikana, juu ya mizani ya mezani. Sawasawa. Akakigeuza, akakirudia. Sawasawa.

"Pengyou," akasema, "rafiki, kelele bure. Leta yenyewe. Hakuna yenyewe, hakuna maneno."

Yenyewe ililetwa jana. Na aliyeituma ni Eli.

Wafanyabiashara mnaijua desturi hii. Kitu kikiharibika nyumbani, unampa anayesafiri, akirudishe Guangzhou, wakala wako aende akagombane na muuzaji. Eli aliipeleka mizani Dar kwa basi, akamkabidhi Mama Nuru, ambaye huja kununua jinzi Xintang, na Mama Nuru akaniita tukutane kwenye mgahawa wa barabara ya Huanshi Zhonglu kabla hajaanza kuzunguka viwandani.

"Hiki kidude chako kimenitia aibu uwanja wa ndege," alianza hata kabla sijakaa. "Wananiuliza, mama, mizani ndogo hivi unapima nini? Nikawaambia dhahabu. Wakaniangalia mikono, wakaniangalia shingo. Mmoja anasema, dhahabu yenyewe iko wapi, mama? Nikamwambia nimeacha kwa mume wako."

Nilicheka. Mara ya mwisho kucheka ilikuwa hapo.

"Elibariki kasema umrudishie laoban wako," akaendelea, "na umwambie kaumiza mtu."

Sanduku lilikuwa limefunguliwa. Hilo halikunishangaza, maana Eli aliipiga picha mizani akaiweka kwenye kundi kama mtu anayeonyesha jambazi aliyekamatwa. Niliitoa. Kioo kilikuwa bado na karatasi yake ya plastiki, haijabanduliwa. Kipande cha kupimia kilikuwa bado kimefungwa kwenye mfuko wake, gundi haijaguswa. Nikaigeuza. Pale kwenye betri palikuwa pametokeza kile kiulimi cha plastiki ambacho kiwanda hukiweka ili betri isiguse chuma. Bila kukivuta, mizani haiwaki. Kilikuwa mahali pake.

Mama Nuru alikuwa anakula tambi. Alisimamisha vijiti.

"Si mpya hiyo?"

"Mpya."

"Haijawashwa?"

"Haijawahi kuwashwa."

"Sasa imemuumiza vipi mtu, imemwangukia?"

Nilikivuta kiulimi mbele yake. Kioo kikawaka. Nikaweka kipande cha kupimia. Sawasawa. Sikutaka iwe sawasawa, naapa. Kwa dakika ile ningefurahi kama ningekuwa mimi ndiye mwenye kosa.

Nilimpigia Eli pale pale. Mama Nuru alihamia meza nyingine bila kuambiwa, ila hakukaa mbali sana.

"Eli, mizani imefika."

"Vizuri. Mpelekee huyo mwizi."

"Haijafunguliwa betri, Eli."

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kukohoa.

"Wewe nawe. Unaanza upelelezi."

"Zile risasi za Shabani ulizipima kwa kutumia nini?"

"Kwa kijiko. Mbona unajua kijiko changu? Tangu lini mkono wangu umekosea?"

"Uliwaambia watu kila moja umeipima."

"Kijiko nacho ni kipimo! Sikiliza, ndugu yangu. Siku ile walikuja wageni, nikaacha kazi, nikarudi. Inawezekana nilirudia ganda moja. Moja! Hayo yanampata mtu yeyote. Kamati wakijua, wananinyang'anya kibali, na kibali kile ndio heshima yangu hapa mjini. Mizani haina kibali. Laoban hajui hata Arusha iko wapi. Na wewe uko mbali huko, nani atakugusa?"

"Umeniweka mimi mahali pako."

"Nimekuweka kwa sababu wewe unaweza kubeba. Wewe ni mtu wa maneno. Utaandika makala mbili, watasahau."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu usaliti. Hakuna kilichonieleza kwamba msaliti anaweza kukusaliti huku anakusifu.

Ningemeza hilo. Nawaambia kweli, kwa ajili ya miaka ile chini ya mabati, huenda ningelimeza, nikamwita laoban mwongo kidogo, nikajiita mjinga kidogo, yakaisha. Lakini nilikuwa na swali moja zaidi.

Eli aliwaambia wanachama kwamba sanduku la Shabani ndilo pekee lililopimwa kwa mizani yangu, na kwamba masanduku mengine yote aliyapima kwa mizani yake ya zamani, kwa hiyo yako salama, wayatumie. Na Jumamosi hii kuna mashindano. Lakini mizani ya zamani ilivunjika tangu vuli! Ndiyo sababu aliniomba nyingine. Sauti yake akiniomba ninayo mpaka leo.

"Eli, masanduku mengine. Yale waliyonayo watu. Ulipimia nini?"

"Yako salama."

"Ulipimia nini?"

"Nakwambia yako salama. Watapiga Jumamosi na watashinda. Na ukiandika hilo, usinijue."

Akakata.

Mama Nuru alirudi na chai yake. Alisema tu, "Shemeji yako huyo, au?" Nikamwambia, zaidi ya shemeji. Akatikisa kichwa, akaniagiza chai nami, akaanza kunieleza bei za jinzi, ili niwe na kitu cha kusikiliza.

Leo asubuhi nimekwenda kumwomba radhi laoban. Ameniangalia, akacheka mpaka akashika meza. "Wewe kelele mtu mzuri," akasema. "Nunua mbili." Nimenunua moja, kwa ajili ya Shabani, kisha njiani nikagundua ni zawadi ya kijinga mno. Mtu mwenye mkono ule ataipimia nini? Iko hapa mezani kando ya kompyuta.

Nimemtumia Shabani sauti, nimemweleza yote, bila kupamba. "Afadhali nijue, kaka," akasema. Halafu akaniuliza kama wengine wanajua.

Hawajui. Nimeandika kwenye kundi jana, na Eli, ambaye ndiye msimamizi wa kundi, ameufuta ujumbe wangu na kunitoa. Nimempigia katibu, hapokei. Kwa hiyo nawaandikia hapa, nikijua baadhi yenu hunisoma kwa siri ili mpate cha kunisema. Leo someni kwa nia yoyote mnayotaka, lakini someni.

Yule mwanachama niliyemwita mwenye wivu: ulikuwa na haki, na mimi nilikutukana mbele za watu. Naufuta ule upuuzi mbele za watu.

Eli, najua utasoma. Sikutaka kuijua sauti ile uliyonijibu nayo jana. Nenda kwa Shabani wewe mwenyewe, kwa miguu yako, umwambie ulichoniambia mimi. Kibali kitarudi au hakitarudi. Kidole chake hakitarudi.

Na nyinyi wanachama wa klabu, nyinyi mnaojiandaa kwa mashindano ya Jumamosi, sikilizeni. Chukueni kila sanduku lenye jina la Elibariki lililojazwa tangu vuli. Msijaribu hata risasi moja "kuona tu." Msifungue, msipime nyumbani, msimpe jirani. Lipelekeni leo kwa mtunza silaha wa klabu, mmkabidhi, aandike kwamba amelipokea. Kamati, ahirisheni mashindano mpaka la mwisho lifike. Wewe unayesema, "Huyu ana ugomvi na Eli," ni kweli, ninao, na nitakuwa nao mpaka nife. Nichukieni basi, nisemeni barazani mwaka mzima, lakini nichukieni mkiwa na vidole vyenu vyote.

Msipige risasi hizo.