Nilikula samaki mbele ya wateja

Ndiyo, mjukuu wangu, hiyo mashine yako ya kupima samaki naionea wivu! Bibi yako anakusalimia, naye ananicheka.

Zamani kwa soko ya Bwera, watu wakiogopa samaki ya sumu, muuzaji mwenzangu Kambale alikula samaki yake mbele ya wateja, wote wakamukimbilia. Wivu ikanishika. Nikakula yangu mbili na mifupa, nikaita: “Munaona? Sijakufa!” Nikauza yote.

Sasa unasema zebaki haina harufu wala ladha, lakini ikiingia samaki, ini yake inaongeza protini fulani, na mashine inaiona. Kumbe tumbo yangu haikupima kitu!

Basi tupatane. Nitakutumia maini kwa barafu. Samaki nitaitia chumvi, ingoje jibu yako. Ikiwa safi, unakuja Bwera kukula ya kwanza mbele ya wateja. Kelele niachie mimi.