Mashine Mbili na Nyasi Mbichi

Alhamisi, 3 Mei 1956
Miguu imevimba tena. Daktari wa Shinyanga alisema moyo wangu umechoka. Uchoke! Una kazi moja bado.

Asubuhi alikuja Onesmo, mwenyekiti wa chama chetu cha wafugaji. Chama kinanunua mashine ya kufunga nyasi marobota, ng'ombe wapate chakula kiangazi. Ziko mbili za kuchagua. Wanataka neno langu, kwa kuwa nilikuwa bwana shamba miaka ishirini na minane. Scolastika, binti yangu, akamjibu kabla yangu: Baba hatoki.

Baba anatoka.

Jumatatu, 7 Mei
Nimepelekwa kwa mkokoteni wa punda hadi ngitilini, malisho tuliyoyafungia kiangazi. Nyasi zinafika kiunoni. Hakuna ng'ombe aliyeingia humo tangu mvua ya kwanza.

Mashine kubwa ina injini yake, inafunga kwa waya. Robota linatoka gumu kama tofali. Wanaume wawili walilinyanyua huku wakitukanana. Ile ndogo inaendeshwa na trekta, inafunga kwa kamba ya katani. Nyuma ina skrubu mbili. Ukizilegeza, robota nalo linalegea, linapumua. Klara, msichana wa jirani, alilitia kichwani, akaondoka nalo akiyumbisha kiuno. Wanaume wakapiga kelele. Akawajibu: "Nyie bakini na tofali lenu!"

Donatus, wakala aliyezileta kutoka Mwanza, anaisifu kubwa. Nikamwuliza: nyasi zikiwa na maji ndani? Akasema mashine inayakamua yote. Uongo! Na Onesmo anataka kukata Jumatatu ijayo na kufunga Jumatano. Ana haraka, trekta inangojwa na watu wa pamba. Ile ndogo, anasema, ni ya wanawake. Nikamwambia ndiyo niitakayo. Wakacheka.

Wacheke. Sikuwaambia nimejuaje.

Jumatano, 9 Mei
Niandike basi. Hapa hakuna wa kumwogopa.

Juni 1948. Ghala la nyasi lilikuwa wazo langu. Afisa mkubwa alikuwa anakuja kulitazama, nami nikataka alikute limejaa. Nyasi zilikuwa bado mbichi kwenye vifundo. Nikazishindilia hivyo hivyo — mimi, niliyefundishwa chuoni kwamba nyasi mbichi zikibanwa hupata joto zenyewe, mpaka zinawaka. Wiki ya tatu nilitia mkono ndani. Nikautoa umebabuka. Nikanyamaza. Kwa aibu tu, si kwa kingine.

Ghala likaungua. Mchungaji mmoja, Maduhu, alikuwa amepumzika karibu, na kiko chake mdomoni. Watu wakasema ni kiko. Wakaniuliza mimi, msomi wao. Nikasema: yawezekana.

Yawezekana!

Mwaka uliofuata mvua haikunyesha. Ng'ombe wakafa, na watu wakamkumbuka Maduhu na lile ghala. Wakamtenga. Hakuna wa kumpa kaa la moto, wala maji, wala salamu. Akaenda Geita kuchimba dhahabu, akafia huko. Walimzika watu wasiojua hata jina la baba yake. Mkewe, Mageni, yuko ng'ambo ya korongo. Miaka yote hii ananiamkia: shikamoo, Bwana Shamba. Nami naitikia marahaba. Kwa sauti kubwa!

Jumapili, 13 Mei
Padre ameniungamisha hapa kitandani. Kasema Mungu amesikia, yatosha. Nikamwambia Mungu hafungi nyasi. Hakupenda.

Scolastika alikuwa anasikiliza jikoni. Akaja na mwiko mkononi. "Ukisema mkutanoni watatutenga, Baba. Nani atakuchimbia kaburi? Mimi na kijembe changu cha palizi?" Nikamwambia achimbe fupi, nitakunja miguu. Akacheka, kisha akalia, kisha akanitupia mwiko.

Yeye ndiye atakayebaki nao. Hilo tu linanitetemesha. Nitasema.

Jumanne, 15 Mei
Jana wamekata. Jioni ikanyunya mvua.

Leo mkutano. Nilisimama kwa fimbo, nikasema yote: ghala, mkono, neno langu. Nikasema mashine kubwa itazibana nyasi hizi kuliko nilivyozibana mimi, na ghala jipya la chama nalo litaungua. Donatus alikunja karatasi zake.

Onesmo akasema kwa upole: "Mzee ana homa. Msaidieni akae." Alinifungulia mlango wa kutorokea! Ningepita hapo, nikafe na heshima zangu. Nikasema sina homa, nishike mkono uone. Hakunishika.

Mageni akasimama. Alikuwa na swali moja: nilitia mkono siku ngapi kabla ya moto?

Mbili.

"Siku mbili," akasema taratibu, kama mtu anayeonja kitu. Akakaa.

Onesmo akaamua: kesho wafunge ngitili yote kwa ile kubwa, wajaze ghala, ndipo wachague.

Jumatano, 16 Mei
Klara kapita bila shikamoo. Wenzake Scolastika wa kulima wamemwambia asije. Hawakungoja hata siku moja. Wana haki, mimi nilingoja miaka minane.

Saa mbili akaja Mageni. Hakukaa, hakunywa maji. Aliniwekea nyasi mkononi. "Za juzi hizi. Zimekauka?" Nikazisokota. Vifundo havikuvunjika, viliniachia unyevu vidoleni. Nikasema bado, siku tatu za jua. "Kawaambie." Nikamwomba awaambie yeye, yeye watamsikia. Akasema: "Mdomo ni wako, Bwana Shamba. Hata siku ile ulikuwa nao." Akatoka.

Injini imewaka ngitilini. Mwenye punda amekataa kutuazima. Scolastika anasema nitaanguka kabla ya korongo. Basi nianguke nikielekea huko! Ananifunga viatu, ananitukana kwa Kisukuma, anavikaza vizuri.

Mageni namwona kupitia mlango, yuko mbele njiani. Hajageuka. Lakini anatembea polepole mno, mwanamke mwenye miguu mizima.