Matofali Matatu ya Nyanya

Kwa Mzee Rai,
Waa, Kwale.
19 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi, tena somo yangu,

Nakuamkia kwanza, shikamoo. Kisha naiulizia miguu yako, maana ndiyo uliyoilalamikia mara ya mwisho ulipopiga simu. Je, imepata nafuu? Zamu za usiku pale hospitalini zimepungua? Nyanya ananiambia nikuulize pia kama unakula, kwa sababu kwenye picha ya mwezi uliopita shingo yako imekuwa ndefu.

Sisi huku tu wazima. Kipupwe kingali kinavuma na Nyanya huvaa ile sweta uliyomletea hata jua likiwa kali, akisema baridi haipigi hodi. Najua ukisikia habari za baridi yetu utacheka.

Tumefunga shule tangu mwanzo wa mwezi. Katika mtihani wa muhula wa pili nilikuwa wa pili kwa Kiswahili, kidato kizima. Hesabu niliishika mkia, lakini naendelea kuikimbiza. Baba amepanda mihogo upande wa kisimani, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Barua hii anakuletea Iddi, jirani yetu baharia, ambaye anaondoka Alhamisi kwenda kupanda meli huko kwenu Hamburg. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe mkononi. Sikutaka kuituma kwa simu, kwa kuwa simu yenye picha anayo dada Caroline, na haya ninayoyaandika yanamhusu yeye na yananihusu mimi.

Shangazi, unakumbuka siku ile ya Julai ulipopiga ukasema nyumba yako ya Diani imefika hatua ya bafu? Nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nikikuna nazi, na simu ya Baba ilikuwa juu ya kinu, sauti yako ikisikika ua mzima. Ulisema bafu la juu litakuwa lako utakapokuwa ukija likizo, na la chini litakuwa la Nyanya, ili naye akija akae kwa raha. Kisha ukasema, "Caroline ataenda dukani anichagulie. Yeye amesomea mambo ya hoteli."

Ni kweli amesomea. Ni binti ya Baba Mkubwa Samuel, ana cheti, anafanya kazi mapokezi hotelini, na anajua mabafu ya wageni yanavyokuwa. Sina neno la kupinga. Lakini nilikuna ile nazi mpaka nikafikia kifuu, na tui la siku hiyo likawa na rangi ya udongo. Baba aliuliza ni samaki gani huyu aliyepikwa na mchanga, nami nikamwongezea wali.

Kilichoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyepewa jina lako. Tangu nikiwa mdogo watu huniambia, "Somo yako yuko Ulaya, somo yako atakutazama." Nikadhani kuitwa Mbeyu ni kazi, na kwamba siku ukihitaji mtu wa kukutazamia mambo kwa macho yake, utaniita mimi. Ukamwita Caroline.

Tulienda dukani pamoja, Ukunda, ile barabara ya kuelekea ufuoni. Caroline alinichukua nimsaidie kubeba vipande vya vigae vya mfano. Muuzaji anaitwa Swabir, kijana mwenye maneno mengi. Ndani kuna mabafu yamepangwa kama vyumba visivyo na kuta: shawa za kusimama, shawa pana zinazomwaga maji kama mvua, na katikati hodhi moja jeupe la kuogea, refu, limesimama juu ya miguu minne iliyopinda kama ya simba.

Caroline alilizunguka mara mbili. Swabir akamwambia, "Dada, hodhi halichaguliwi kwa macho. Vua viatu uingie." Akavua, akaingia, akalala chali humo na mkoba wake kifuani, akafumba macho. Mimi nimesimama na vigae mkononi.

Swabir akanitazama. "Na wewe mdogo, utaingia, au umekuja kulinda viatu?"

Caroline alicheka. Hakucheka kwa ubaya, najua, alikuwa amefurahi tu. Alijipiga picha akiwa amelala mle, akakutumia. Ukajibu papo hapo kwa mioyo mitatu myekundu. Nilihesabu, Shangazi. Mimi niliwahi kukutumia picha ya ripoti yangu ya shule kwa simu hiyohiyo, ukajibu, "Vizuri mama, ongeza bidii." Nilifurahi siku hiyo. Pale dukani niliona kuwa hukuweka moyo hata mmoja.

Caroline akaamua mawili ya namna ile, moja la juu na moja la chini. Alisema Nyanya anaumwa magoti, naye atapona kwa kukaa ndani ya maji ya moto kama wewe unavyofanya ukitoka kazini. Lilikuwa wazo la upendo. Tukiwa kwenye tuktuk akanigeukia. "Mbeyu, wewe ndiye unayemwogesha Nyanya. Utamjaribu kama ataweza kupanda akaingia mle? Uniambie kesho nimpe fundi jibu."

Nilikuwa nimeomba futi ya Swabir nikapima ukingo. Ni sentimita sitini, unapita goti langu. Kwa hiyo jioni ile nilichukua matofali yaliyobaki tulipojenga jiko, nikamwambia Nyanya nataka aruke kidogo.

"Niruke niende wapi?" akauliza.

"Upande wa pili tu, Nyanya."

Tofali moja alilivuka bila kunishika. Kwa mawili alinishika bega, akapumzika katikati, mguu mmoja huku na mwingine kule. Nilipoweka la tatu, ambalo ndilo linalolingana na ukingo wa hodhi, aliinua mguu, ukafika nusu, ukasimama. Akautazama kama mtu anayemtazama mtoto mvivu. "Huu umestaafu," akasema, "na wewe bado unaupa kazi." Akarudi kukaa kwenye kigoda chake, akacheka mpaka akakohoa.

Kesho yake Caroline akapiga simu ya Baba. "Haya, Nyanya anaweza?"

Nikasema, "Anaweza."

Shangazi, hilo ndilo neno lililonifanya niandike barua hii. Sikulisema kwa kusahau. Nililisema nikijua. Niliona katika mawazo yangu siku ya kufungua nyumba, watu wote wamekuja, na Nyanya amesimama mbele ya lile hodhi asiweze kuingia. Kila mtu anamtazama Caroline, na mimi nimesimama pembeni nikisema kwa adabu kwamba laiti ningepewa mimi kazi ya kuchagua. Nililala vizuri usiku huo. Jambo hilo linanitia haya kuliko lile neno lenyewe.

Jumapili jioni nilikuwa namwogesha kama kawaida, kule nyuma kwenye ua wa makuti. Unajua anavyopenda: anakaa kwenye kigoda, mimi namsugua mgongo kwa dodoki, kisha namimina maji kwa kata, polepole, kuanzia begani. Anapokuwa na sabuni machoni huniita, "Mbeyu, mwanangu, mimina." Mimi ni mjukuu wake, hawezi kuniita mwanangu. Najua anamwita nani. Nami huitikia tu, "Namimina, Mama," kwa sababu naona anafurahi.

Siku hiyo alipotaka kuinuka akanishika bega, na mkono wake, kwa ile sabuni, ukateleza. Nilimdaka. Uzito wake wote ulinijia kifuani, mifupa na maji, na nikaona lile hodhi jeupe, lenye utelezi, lenye ukingo wa matofali matatu, na hakuna mtu wa kumdaka. Nilimkausha, nikamwongoza mpaka ndani kwa mikono miwili.

Jana nilikwenda Ukunda nikamweleza Caroline. Sikuweza kukuandikia wewe kabla ya kumwambia yeye. Alikuwa kazini, amevaa sare, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, wageni wasisikie, "Yaani ungemwacha Nyanya aanguke, ili mimi nionekane mjinga?"

Nilikaa nje nikamsubiri mpaka zamu yake iishe.

Alipotoka kazini alikuja nami mpaka nyumbani. Akaniambia nimwonyeshe matofali. Nyanya aliucheza mchezo wetu tena, moja, mawili, akagoma kwa la tatu. "Kesho mtaniletea ukuta," akasema. Caroline hakucheka. Alimpigia simu Fundi Dzombo hapohapo amwambie asiweke bomba wala vigae vya bafu la chini mpaka utakapojibu. Kisha akaniambia, "Mwandikie wewe. Mweleze vizuri kila kitu, na lile ulilofanya usiliruke." Kwa hiyo sijaliruka.

Sasa nakuandikia lile nililopaswa kusema tangu mwanzo.

Hodhi moja libaki, la juu, karibu na dirisha, ulale humo ukija, miguu yako ipumzike. Caroline alichagua vizuri. Lakini Fundi Dzombo anasema lijazwe maji ya tangi, yasiwe ya kisima, kwa kuwa maji ya kisima cha pale Diani yana chumvi na yanakula bomba zinazong'aa kama mchwa anavyokula boriti. Bomba ziwe za shaba. Na ile shawa ya mvua, vitundu vyake vitaziba kwa chumvi msimu mmoja tu, basi afadhali ya kawaida.

Bafu la chini lisiwe na hodhi, na lisiwe na kizingiti. Sakafu iwe sawa kutoka mlangoni, ielemee kidogo tu kwenye tundu la maji, na vigae viwe vya kukwaruza. Ukutani Fundi ajenge kibaraza kidogo cha kukalia. Nimepima kigoda cha Nyanya, nimekuandikia kipimo nyuma ya karatasi hii. Shawa iwe ya kushikwa mkononi, yenye mpira mrefu, itundikwe chini anapoifikia akiwa amekaa. Kando yake chuma cha kushika. Fundi, niliyeongea naye kwa simu ya Caroline, amesema inawezekana, na ameniuliza nani aliyenifundisha. Nikamwambia ni Nyanya.

Na ukubali nikuombe jambo moja la ziada: kile kibaraza kiachiwe nafasi nyuma yake, mtu aweze kusimama akamsugua mgongo. Shawa haisugui.

Ningependa kukuambia kuwa nimeandika haya bila kutaka chochote. Nikisema hivyo nitakuwa nimekudanganya na wewe pia. Wivu wangu haujaisha, Shangazi. Leo asubuhi, kwenye simu ya Caroline, aliyelala kwetu, nimeiona ile picha yake ndani ya hodhi, na mioyo yako mitatu chini yake, na kitu kikanichoma palepale pa zamani. Tofauti ni kwamba sasa nakijua jina, na sitakiacha kinijibie simu.

Kama umekasirika, ni haki yako. Ukitaka Caroline aendelee peke yake, nitabeba vigae na nitalinda viatu. Ila Nyanya asipandishwe matofali matatu.

Nyanya anakusalimu na anasema uje kabla sweta haijachakaa. Baba anakusalimu, Baba Mkubwa Samuel anakusalimu, na Caroline, ambaye mwishowe nimempa barua hii yote aisome kabla sijaifunga, anakusalimu pia. Amesahihisha kipimo kimoja cha bomba, na lile neno "mjinga" akaniambia niliache kama lilivyo.

Mungu akulinde katika zamu zako, akupe wagonjwa wenye shukrani na njia nyepesi ya kurudi nyumbani.

Utakapojibu, unaweza kumpigia Caroline simu kuhusu bafu, ndiyo njia ya haraka na Fundi anasubiri. Lakini kama utapata nafasi, nami niandikie, hata mistari miwili, hata ya kunigombeza, Iddi atakaporudi mwezi wa kumi na mbili aniletee. Juu ya bahasha andika tu Mbeyu. Mwenye barua na aliyeiandika watakuwa na jina moja, na hapa Waa hakuna atakayeuliza ni ya nani.

Wako akupendaye, anayetaka kustahili jina lako,

Mbeyu mdogo