Hatua ya Thelathini na Nane

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshashuka kwenye winchi, umenawa grisi mikononi, na lile bega la kushoto limeacha kukusumbua. Mama anakusalimu, na anauliza kama ile dawa unaipaka au umeiweka tu kando ya kitanda kama pambo. Mdogo wangu ameota meno mawili ya mbele kwa mpigo, na kila anayemsifu anataka kumng'ata. Mimi ni mzima wa mwili. Mitihani ya majaribio imeanza, na wa hesabu sikuuharibu.

Uliniandikia kwamba gazeti lililofika kambini lilikuwa na mistari minne tu kuhusu timu yetu, na kwamba wenzako wanakutania eti binti yako alisafiri kwenda kusukuma vinyago. Ukaniomba nikueleze yote bila kuruka. Nimekaa na barua yako wiki tano, na mitihani si sababu. Nitaeleza kwa utaratibu, kwa kuwa wewe ni mtu wa dama na sataranji hujawahi kuicheza.

Tulikuwa wanawake wanne. Meza ya kwanza alikaa Nesi wa wodi ya watoto. Ya pili alikaa Wakili, ambaye bado anasomea sheria lakini anabishana kama aliyehitimu zamani. Ya tatu alikaa Mama Pacha, na ya nne mimi. Kocha wetu ni yuleyule Fundi wa cherehani wa duka la kona, ambaye hata mchezo huuzungumzia kishonaji. Mchezo mbovu kwake umekatwa bila vipimo, na ukicheza haraka atakuuliza unawahi harusi ya nani.

Ukumbi wa mashindano ya kimataifa ulikuwa mkubwa kama karakana ya ndege. Nchi ndogo huwekwa mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo. Wakili akasema hiyo ni heshima, maana sisi hatutachelewa kurudi mezani. Siku ya kwanza tulifungwa meza zote nne kabla ya chai. Siku zilizofuata tulijikusanya kidogo kidogo, tukashinda mechi tatu, tukatoka sare mbili, mpaka ikafika raundi ya mwisho, sisi na nchi nyingine ndogo kama yetu.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, Baba. Timu itakayoongoza kundi la nchi ndogo ilikuwa imeahidiwa mwalimu wa kimataifa, aje kukaa nayo mwaka mzima na kufundisha watoto. Fundi anafundisha watoto ishirini kwa mbao saba za sataranji, katika stoo iliyo nyuma ya duka lake. Mwenyewe hutuambia bila aibu kwamba amefika mwisho wa anachokijua, na kwamba watoto wale watamalizika hapo alipomalizikia yeye. Kwa hiyo sote wanne tulikuwa tunamchezea mwalimu huyo. Sare ya mechi ilitutosha.

Nesi alishinda, Mama Pacha alitoka sare, Wakili alifungwa. Nikabaki mimi. Nikipata sare, mwalimu ni wetu. Mpinzani wangu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani yenye kamba. Tulicheza kwa saa tano. Mwishoni yeye alikuwa na malkia, mimi nilikuwa na ngome, na malkia ana nguvu mara mbili ya ngome. Mfalme wangu alikuwa amebanwa pembeni. Fundi na wenzangu walikuwa wamesimama nyuma yangu, na nilisikia njiti ya meno ikivunjika mdomoni mwa Fundi. Nikasimamisha saa ya mchezo iliyo kando ya ubao, nikampa yule mama mkono. Ndivyo mtu anavyosalimu amri katika mchezo huu. Nikasaini karatasi.

Hakuna aliyenilaumu. Mama Pacha alinikumbatia akasema kwa ngome ile hata aliyeubuni mchezo asingefanya kitu. Fundi alisema nilipigana mpaka kitambaa kikaisha. Nilijua wanangoja nilie, nami nilijaribu, lakini machozi hayakuja. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaugusa unaona ni wako, lakini haukujibu. Hali hiyo nilirudi nayo nyumbani, na mpaka leo ninapokuandikia bado ninayo. Nakula, nasoma, nafua. Mama anasema nimekuwa mtulivu, na anafurahi.

Tuliporudi, Fundi alichukua karatasi zetu za mchezo ili afundishie watoto. Kila mchezaji huandika kila hatua, yake na ya mwenzake, kwa hiyo mchezo mzima unaweza kurudiwa. Karatasi yangu aliisifu kwa usafi. Aliupanga mchezo wangu kwenye ubao wa kuning'iniza na kuwaonyesha hatua kwa hatua jinsi mtu anavyofungwa kwa heshima. Walipofika hatua ya thelathini na nane wakakuta mfalme wangu amesogea nyumba moja kando, pasipo anachokikimbia wala anachokitafuta.

Kuna mtoto wa miaka tisa tunamwita Mbona, kwa sababu ndilo neno lake. Ndiye mwenye akili kuliko wote pale, nami nimo. Akauliza mbona Dada amekwenda kule, kuna kitu alisahau? Watoto wakacheka. Fundi aliitazama hatua ile muda mrefu, kisha akaeleza kwamba huo ni ustadi, kwamba Dada alikuwa anavuta uzi kidogo aone ni wapi mpinzani amelegea. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti mlangoni.

Baba, wakaanza kuicheza. Wiki ile yote, kila mtoto aliyekosa la kufanya alisogeza mfalme wake kando na kusema anavuta uzi. Wakaiita hatua ya Dada. Mwezi huu yakafanyika mashindano ya shule, na Mbona alikuwa anashinda mchezo wa fainali. Alikuwa amebakiza kummaliza tu mwenzake. Akasogeza mfalme kando, na hatua iliyofuata akapoteza malkia. Hakulia. Alinifuata kwenye foleni ya bomba la maji akaniuliza, kwa upole kabisa, mbona kwangu Fundi aliita ustadi, na kwake ameita kosa.

Sasa nakuambia nisichomwambia.

Hatua ile sikuicheza. Hatua yangu ya kweli ya thelathini na nane nilisukuma askari wa pembeni mbele, akagonga askari wa mpinzani, wakasimama uso kwa uso na hakuna aliyeweza kwenda. Kwa hiyo mwishoni askari wangu alikuwa amekwama, na mfalme wangu amekwama. Kilichoweza kutembea ni ngome tu. Katika sataranji, mtu ambaye mfalme wake hashambuliwi, na hana hata hatua moja ya kucheza, hajafungwa. Ni sare. Nilitakiwa kuisogeza ngome mpaka ubavuni mwa mfalme wa yule mama na kumshambulia. Akiila, sina hatua, ni sare. Asipoila, ngome inamfuata popote aendapo, na ni sare vilevile.

Yule mama ndiye aliyenionyesha. Alinifuata kwenye korido nikiwa na chupa ya maji, akatoa ubao mdogo wa mfukoni, akapanga vipande, akaisogeza ngome kwa kidole kimoja. Hakuwa ananicheka. Alinishika shavu akaenda zake. Asubuhi yake, kabla ya Fundi kukusanya karatasi, niliunakili mchezo wote upya kwa mwandiko safi. Hatua ya thelathini na nane nikaweka ya uongo, na zilizofuata nikazirekebisha zioane nayo, ili askari asionekane amekwama na mtu yeyote asije akaiona sare yangu. Maneno ya Mama Pacha yalikuwa mazuri mno, nikataka yabaki kuwa kweli.

Jana baada ya shule nilikwenda dukani kwa Fundi nikamwambia. Alikuwa anatia mafuta kwenye cherehani ya mteja. Hakugomba. Aliuliza tu ngome ingekwenda wapi, nikamwonyesha kwa vifungo juu ya meza. Alivitazama mpaka mafuta yakamwagika kwenye suruali yake. Kisha akasema kwamba naye alikuwa amesimama nyuma yangu saa ile ya mwisho, akiutazama ubao uleule, na hakuiona. Alisema hivyo mara mbili. Akaniambia Jumamosi nitasimama mbele ya watoto na kueleza mwenyewe, yeye atakaa kwenye benchi pamoja nao.

Kwa hiyo Jumamosi nitawahi. Nitaupanga mchezo wa kweli kwenye ubao wa kuning'iniza, nitawaambia nilichofanya, halafu nitamwomba Mbona radhi mbele ya wenzake. Baada ya hapo nitawaambia ni zamu yao kucheza, na ngome sitaigusa. Fundi ananikataza kutoa jibu hata wakikaa mpaka mchana. Nami nataka sana, Baba, na hili ndilo jambo la kwanza ninalolitaka tangu tulipotoka kwenye ukumbi ule, niwe nimesimama pale, nautazama uso wa mtoto yule wakati anaiona.

Ukiwa na hasira nami, niandikie ukiwa nazo hivyohivyo, usingoje zipoe. Wasalimie wenzako wa kambini, na uwaambie ukweli kuhusu vinyago vyangu. Mama anasema usilale na soksi zilizolowa.

Nakubusu mikono yote miwili,

Binti yako wa meza ya nne