Kifaa cha Sikioni

Dada yangu,

Huku mvua zimeanza. Lile tumbo linalonisokota asubuhi, daktari anasema linakwenda pamoja na huzuni yangu, kwa kuwa mshipa mkubwa wa fahamu unaunganisha ubongo na tumbo. Amenipa kifaa cha kubana sikioni, kinachousisimua mshipa huo kwa umeme mdogo. Juzi nilikula nikamaliza.

Leo bosi amenikuta nacho masjala, akadhani nasikiliza mpira redioni.

“Kijana, nani anaongoza, timu yako au yangu?”

Wenzangu wakacheka. Nikikivua nitazama tena katika huzuni. Nikisema ukweli huenda nikafukuzwa.

“Ni matibabu, mzee. Ya huzuni.”

Kicheko kikakatika. Bosi ameniita ofisini kwake kesho asubuhi. Mama usimwambie kwanza. Nitaingia nimekivaa.

Mdogo wako akupendaye