Kiu ya Bibi

Jumamosi, 6 Juni

Sijawahi kumwambia mtu: nikimwosha Bibi kidonda, nabana pumzi. Nampenda, lakini nabana. Kidole gumba cha mguu wa kushoto. Yalikuwa malengelenge ya ndala mpya tu, sasa kidole cheusi.

Leo tena maji ya chumvi, tena kitambaa. Bibi hasikii maumivu. Mama anasema ndiyo dalili ya kupona.

Bibi alitoka kijijini Ndalambo mwaka jana, Babu alipofariki. Kule alikuwa na togwa yake na ugali wake wa ulezi. Hapa Tunduma ni mkate mweupe, sembe na soda. Soda za ng'ambo zimejaa kila kibanda. Siku hizi zinafika mpaka Ndalambo, bomba la maji halijafika.

Jioni Mama Salma, jirani yetu muuza vitenge, amekuja kumwona mgonjwa na chupa mbili za soda ya machungwa. Nimekimbilia chumba cha nyuma, kama kawaida yangu wakija wageni. Nimemsikia tu: "Kunywa, bibi harusi, upate nguvu tukuoze!" Bibi akacheka. Akazimaliza zote.

Jumanne, 9 Juni

Bibi ana kiu. Kiu gani hii? Usiku kucha kikombe, kopo, kikombe, kopo. Wanawake wa kanisani wameleta kreti nzima ya soda. Mgonjwa hapewi maji matupu, wanasema, ataona hapendwi.

Asubuhi nikaenda kumwaga kopo lake la mkojo. Sisimizi. Wameuzunguka mdomo wa kopo, weusi tii, kama kwenye sukari iliyomwagika. Nikamwaga haraka. Sijasema kwa mtu.

Ijumaa, 12 Juni

Hospitali. Tumempeleka Bibi.

Madaktari wawili waliongea Kiingereza juu ya kichwa cha Bibi. Walidhani hatuelewi. Mimi shuleni baiolojia nafundishwa kwa lugha hiyohiyo. Sukari iko juu mno. Mguu umeoza ndani, utakatwa. Mmoja akasema zamani wazee wa vijijini hawakuletwa wakiwa na ugonjwa huu, sasa wanaletwa kila wakati. Kisha wakamgeukia Mama kwa Kiswahili: "Kidonda kibaya, mama. Rudini Jumatatu na ndugu."

Basi. Hayo tu.

Nje ya geti Mama akamnunulia Bibi soda, ya kumpoza. Nikaitazama ikishuka kooni. Sikusema. Kiu ile ndiyo ugonjwa wenyewe. Na sisi tunaizima kwa sukari! Mungu wangu. Kwa upendo!

Jumamosi, 13 Juni

Nimemwambia Mama. Jikoni, macho yangu kwenye sufuria. Hakunifokea. Ameuliza tu, "Hata soda ile ya jana?" Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa juu ya kinu.

"Mimi ndiye nilikuwa namfungulia." Akarudia. Akarudia tena. Sijawahi kumwona Mama vile. Nimeogopa.

Alhamisi, 18 Juni

Wamekata. Chini ya goti.

Nimeandika hivyo, nikatoka nje, nikarudi. Bado imeandikwa.

Jumamosi, 4 Julai

Bibi yuko nyumbani. Anakunywa uji wa ulezi, hauna sukari. Anasema huu ndio uji, ule mwingine ulikuwa peremende. Asubuhi kaniita: "Wee mke mwenzangu, ile ndala ya kushoto chukua wewe." Nikacheka, nikalia. Akanipiga kofi la mgongo.

Mama yuko sokoni. Bibi amelala, mdomo wazi kidogo. Nje malori tu, foleni ya mpakani. Kwenye dirisha kikombe chake cha maji. Maji matupu.

Nyayo uani. Ndala za Mama Salma, nazijua. Chupa zinagongana ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hodi humu! Bibi harusi wangu!"

Bibi amefumbua macho. Hakuna mwingine ndani. Karatasi hii naisukuma chini ya godoro. Leo mlango nafungua mimi.